Gesi ya Msumbiji na Jiko la Mwananchi



Mwezi Novemba mwaka 2022 meli iliyosheheni iliondoka katika bahari ya kaskazini ya Msumbiji, mbele ya jimbo la Cabo Delgado, ikaelekea masoko ya ng'ambo. Haikuchukua korosho wala pamba wala mkonge, mazao ambayo Msumbiji imeyapakia melini tangu enzi za Wareno. Ilichukua gesi asilia iliyopozwa hata ikawa kimiminika. Hiyo ndiyo iliyokuwa shehena ya kwanza ya gesi ya namna hiyo kutoka Msumbiji, na kwa shehena hiyo jirani huyo wa kusini aliingia katika hesabu ya mataifa yanayouza gesi kwa meli. Habari hiyo ilipokewa kwa shangwe huko Ulaya, kwa kuwa wakati huo Ulaya ilikuwa katika dhiki ya gesi kutokana na vita vya Ukraine.

Jambo ambalo halikusemwa sana siku ile ni kwamba katika Msumbiji nzima kaya zaidi ya tisa katika kila kumi hupika kwa kuni au kwa mkaa. Mama wa Palma, wa Nangade au wa Mueda, ambaye bahari ya jimbo lake ina moja ya hazina kubwa za gesi katika bara la Afrika, huamka alfajiri akashika panga na kamba, akaenda porini kutafuta kuni. Na pori hilo, kwa muda wa miaka mingi sasa, si mahali pa salama.

Mazungumzo haya yanahusu mambo hayo mawili, yaani gesi ya nchi jirani na jiko la mwananchi wa nchi hiyo. Na yanawahusu hasa askari wa jeshi na wa polisi, kwa sababu umbali ulioko baina ya mambo hayo mawili hatimaye hupimwa kwa miguu ya askari wa doria.

Yafaa kwanza kueleza gesi yenyewe ni kitu gani, maana neno hilo moja hutumika kwa vitu viwili, na watu wengi huvichanganya. Gesi asilia, ile inayotoka ardhini katika Songo Songo, katika Mnazi Bay, katika Pande na Temane, na chini ya bahari ya Cabo Delgado, kwa sehemu iliyo kubwa ni methani. Methani ni nyepesi kuliko hewa, na haikubali kuwa kimiminika kwa urahisi. Hapana budi ipozwe mpaka nyuzi 162 za Sentigredi chini ya sifuri. Hapo ndipo hugeuka kimiminika na kupungua ukubwa wake kiasi cha mara 600, ikaweza kupakiwa melini. Kwa sababu hiyo methani haiwezi kutiwa katika mtungi wa kawaida wa jikoni. Ikitakiwa nyumbani, lazima ipitishwe katika bomba, ama ishindiliwe kwa nguvu nyingi katika mitungi minene ya chuma kama ile inayofungwa katika magari.

Gesi ya mitungi, ambayo mpishi wa kambi na mama wa nyumbani wanaijua, ni kitu kingine. Hiyo ni propani na butani, ambazo hupatikana mafuta yanaposafishwa, au hutengwa kutoka katika gesi ya ardhini pale ambapo gesi hiyo ina unyevu wa mafuta ndani yake. Propani na butani hukubali kuwa kimiminika kwa kushindiliwa kidogo tu, ndiyo maana mtungi mwembamba unatosha kuzihifadhi. Nchi yaweza basi kuwa na methani ya kutosha miaka mia, na bado ikaagiza gesi ya mitungi kutoka Uarabuni kwa fedha za kigeni. Tanzania imekuwa katika hali hiyo, na Msumbiji vile vile.

Tofauti hii si ya vitabuni tu. Askari polisi ndiye mara nyingi anayefika kwanza penye harufu ya gesi au penye mlipuko, kabla ya kikosi cha zimamoto. Methani, ikiwa nyepesi, hupanda juu na kutoka madirishani. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Hushuka, ikatambaa sakafuni, ikajaa katika mitaro, katika mashimo na katika vyumba vya chini, ikingoja cheche. Swichi ya taa ni cheche, hata inapozimwa. Anayeingia chumba chenye harufu hiyo hafai kugusa swichi yoyote wala kuwasha tochi humo ndani wala kutumia simu. Kazi yake ni kuwatoa watu, kufunga mtungi kama unafikika, na kufungua milango. Harufu yenyewe imetiwa makusudi na watengenezaji, maana gesi safi haina harufu.

Tukirudi Msumbiji, habari ya gesi yake haikuanzia kaskazini. Ilianzia katika jimbo la Inhambane, kusini ya mto Save, ambako kisima cha Pande kiligunduliwa mwaka 1961 na cha Temane mwaka 1967. Wareno hawakuwa na haja nayo. Waliotafuta walikuwa wanatafuta mafuta. Uhuru ulipopatikana tarehe 25 Juni 1975, serikali ya FRELIMO iliirithi gesi hiyo ikiwa bado ardhini, na kabla haijapata nafasi ya kuitumia, vita vilivyochochewa kwanza na utawala wa Ian Smith wa Rhodesia na kisha na makaburu wa Afrika Kusini viliifanya Inhambane kuwa uwanja wa mapigano. Vita hivyo vilianza mwaka 1977 na vilikoma kwa mapatano ya Roma ya tarehe 4 Oktoba 1992. Kwa miaka 15 hapakuwa na mtu wa kulaza bomba.

Baada ya amani, kampuni ya Sasol ya Afrika Kusini ilipata haki ya kuchimba. Bomba la kilometa 865 likalazwa kutoka Temane hadi Secunda, na mwaka 2004 gesi ikaanza kupita. Gesi hiyo iliwasha viwanda vya Afrika Kusini miaka mingi kabla sehemu yoyote kubwa haijawasha kitu Msumbiji. Wataalamu wa Msumbiji wenyewe wamelalamika mara nyingi kwamba bei iliyokubaliwa ilikuwa ndogo na kwamba faida iliyobaki nchini haikulingana na mali iliyotoka. Haki ya malalamiko hayo haina haja ya kupimwa katika mazungumzo haya. Yatosha kutazama ramani, mtu akaona bomba linaanzia wapi na linaishia wapi.

Lakini si kweli kwamba Msumbiji haikupata kitu kabisa. Baadaye gesi ilifikishwa Matola kwa ajili ya viwanda. Kituo cha umeme cha Ressano Garcia, chenye megawati 175, kilijengwa mpakani kikitumia gesi ya Temane, na mwaka 2018 kikazinduliwa kituo kingine cha megawati 106 katika mji mkuu wa Maputo kwa msaada wa Japani. Na huko huko Inhambane, tangu miaka ya 1990, shirika la serikali liitwalo ENH lilichukua gesi kidogo kutoka Pande, likaendesha mitambo midogo ya umeme kwa ajili ya miji ya Vilankulo na Inhassoro. Nyumba kadhaa za Vilankulo zikapata hata bomba la kupikia. Kazi hiyo ilikuwa ndogo sana ukiilinganisha na bomba la Secunda. Hata hivyo inafaa kukumbukwa kuliko mambo mengi makubwa, maana ilithibitisha kwamba gesi ya kisima cha jirani yaweza kuwasha taa ya jirani, pasipo kungoja dola bilioni 20.

Fedha hizo, dola bilioni 20, ndizo zilizokuja kutajwa kaskazini. Mwaka 2010 kampuni ya Anadarko ya Marekani iligundua gesi katika bonde la Rovuma, chini ya bahari ya Cabo Delgado, na mwaka 2011 kampuni ya Eni ya Italia ikagundua nyingine karibu yake. Eni na washirika wake walichagua kujenga kiwanda kinachoelea, kiitwacho Coral Sul, chenye urefu wa mita 432. Kiliundwa Korea ya Kusini, kikaletwa mwaka 2022, kikatiwa nanga juu ya maji yenye kina cha mita 2,000. Uwezo wake ni tani milioni 3.4 kwa mwaka, na gesi yake yote imekwisha kuuzwa kwa kampuni ya BP kwa mkataba wa miaka mingi. Kiwanda hicho hakigusi nchi kavu hata kidogo, na kwa upande wa ulinzi hiyo ndiyo bahati yake: vita vya bara havikukifikia. Kwa upande wa mwananchi hali ni nyingine. Hakuna bomba linalotoka Coral kwenda pwani.

Mradi wa pili, mkubwa zaidi, ulichukuliwa na kampuni ya Total ya Ufaransa mwaka 2019. Huo ulitakiwa kujengwa nchi kavu, katika rasi ya Afungi karibu na mji wa Palma. Wanakijiji wa Quitupo wakahamishwa, wakajengewa kijiji kipya kilichoitwa Quitunda, chenye nyumba za matofali na barabara. Wengi wao walikuwa wavuvi na wachokoaji wa chaza na kaa, na nyumba mpya, hata ikiwa nzuri namna gani, haivuliwi samaki.

Sheria ya mafuta ya Msumbiji ya mwaka 2014 ilitamka kwamba robo ya gesi itakayochimbwa itumike nchini. Ni sheria njema. Mwezi Januari mwaka 2017 serikali ilichagua miradi mitatu ya kutumia gesi hiyo: mmoja wa kugeuza gesi kuwa mafuta ya dizeli, mmoja wa mbolea, na mmoja wa umeme. Hakuna kati ya hiyo mitatu uliolihusu jiko moja kwa moja, na mpaka mapigano yalipofika Palma, hakuna hata mmoja uliokuwa umesimama.

Miezi tisa baada ya uchaguzi huo, usiku wa kuamkia tarehe 5 Oktoba 2017, watu wenye silaha walishambulia vituo vitatu vya polisi katika mji wa Mocímboa da Praia. Askari polisi waliuawa, na washambulizi wakaushika mji kwa saa kadhaa. Ndivyo vita vya Cabo Delgado vilivyoanza. Vilianza kwa shabaha ya vituo vya polisi, siyo kwa shabaha ya visima vya gesi. Wenyeji huwaita wapiganaji hao al-Shabaab, ingawa si tawi la kundi la Somalia lenye jina hilo. Wengi wao ni vijana wa pwani ile ile, waliochanganyika na wageni wa nchi za jirani, wakiwemo Watanzania.

Hapana anayeweza kusema kwa haki kwamba gesi ndiyo iliyoleta vita hivyo. Mafundisho ya kupotosha dini yalikuwa yamekwisha kuingia misikitini miaka mingi kabla, na wazee wa Kiislamu wa Cabo Delgado waliionya serikali mapema. Biashara ya magendo ya magogo, pembe za ndovu na dawa za kulevya ilikuwapo. Mapema mwaka 2017 maelfu ya wachimbaji wadogo walifukuzwa kutoka machimbo ya rubi ya Montepuez, wakatawanyika bila kazi. Lakini gesi ilileta kitu ambacho vijana wa Mocímboa hawakuwa nacho hapo awali, nacho ni kipimo. Waliona ndege, magari, mabweni yenye taa usiku kucha na wageni wenye mishahara, wakajipima na wageni hao. Mhubiri wa uasi hakuhitaji hoja nyingi. Alinyoosha kidole tu kuelekea kwenye uzio wa mradi.

Tarehe 24 Machi 2021 uasi uliingia Palma. Yafaa askari ayatazame kwa makini mambo ya siku zile. Mamia ya askari wa Msumbiji walikuwa Afungi, kilometa chache tu kutoka mjini, wakilinda eneo la mradi. Uzio haukuvunjwa. Kiwanda hakikuchomwa. Mji wa Palma ndio uliotekwa. Benki zikavunjwa, nyumba zikatiwa moto, watu wakakimbilia porini, baharini na mtoni. Makumi ya maelfu walikimbia, na wengine walivuka mto Ruvuma. Mji ulipokwisha kuanguka, kampuni ikawaondoa watu wake, na tarehe 26 Aprili 2021 ikatangaza kwamba haiwezi kuendelea na mikataba yake kwa sababu ya mambo yaliyo nje ya uwezo wake. Mradi wa dola bilioni 20 ukasimama, ingawa ngome yake ilikuwa nzima. Kilicholindwa kilibaki, kilichokuwa nje ya ulinzi kilianguka, nacho kikakiangusha kilicholindwa.

Baada ya hapo majirani walikuja. Mwezi Julai 2021 Rwanda ilipeleka askari 1,000 wa jeshi na polisi, na tarehe 8 Agosti mji wa Mocímboa da Praia, uliokuwa mikononi mwa waasi kwa mwaka mzima, ukakombolewa. Nchi za SADC nazo zilipeleka majeshi yao, ya Tanzania yakiwemo, na jeshi hilo la pamoja lilikaa hadi mwezi Julai 2024. Watu waliotembelea Palma baada ya ukombozi walisimulia jambo moja ambalo wasikilizaji wa Kiswahili watalifurahia: askari wa Rwanda walizungumza na wanakijiji kwa Kiswahili. Pwani ya Cabo Delgado ina lugha yake ya Kimwani, ndugu wa Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kinaeleweka huko kuliko Kireno katika vijiji vingi. Askari aliyetoka Maputo, kilometa zaidi ya 2,000 kusini, mara nyingi hakuwa na lugha ya kumwuliza bibi kizee maji yako wapi, seuze kumwuliza adui amepita wapi.

Wala tatizo halikuwa lugha peke yake. Shirika la Amnesty International lilitoa taarifa mwezi Machi 2021 likiwalaumu waasi kwa ukatili mkubwa, lakini pia likayalaumu majeshi ya serikali na kampuni binafsi ya kivita iliyokodiwa, kwa kuwatendea raia mabaya. Serikali ya Msumbiji na kampuni hiyo zilikana. Iwapo hata sehemu ndogo ya tuhuma hizo ilikuwa kweli, inatosha kueleza kwa nini wanakijiji wengine walinyamaza walipoulizwa habari.

Na vita havikwisha. Palma na Mocímboa zilipopata ulinzi, mashambulizi yalihamia kusini mwaka 2022, katika wilaya za Ancuabe na Chiúre, hata yakavuka mto Lúrio na kuingia jimbo la Nampula. Mwaka 2025 vijiji vilikuwa vingali vikishambuliwa. Wanaouawa au kutekwa katika mashambulizi hayo mara nyingi ni watu waliokwenda shambani, au kuvua, au kukata miti ya mkaa, au kuokota kuni. Katika nchi yenye vita vya msituni, safari ya kuni ni safari ya hatari, nayo hufanywa kila siku na mtu asiyekuwa na silaha, na njia yake inajulikana.

Basi mtu aweza kuuliza: kama gesi ipo, kwa nini haikufika jikoni mapema? Jibu si hila za makampuni peke yake. Bomba la nyumbani hutaka nyumba nyingi zilizosimama karibu karibu, zenye kuta imara, na watu wenye kipato cha kulipa kila mwezi. Kijiji chenye nyumba za udongo zilizotapakaa katika mikorosho hakiwezi kulazwa bomba kwa gharama ambayo nchi yoyote maskini ingeimudu. Njia mbili zilizobaki ni umeme unaotokana na gesi, na mtungi. Umeme unafaa sana kwa taa, kwa mashine ya kusaga na kwa jokofu la zahanati. Kwa kupikia maharage ya saa tatu, familia nyingi huuogopa. Mtungi nao una kikwazo kimoja ambacho watu wa ofisini hukisahau. Mkaa huuzwa kwa kopo. Mama mwenye fedha za leo tu hununua mkaa wa leo tu, na kesho ana mashauri yake. Mtungi haujazwi kwa kopo. Wataka fedha nyingi kwa mkupuo, na ndiyo maana mkaa, ambao mwisho wa mwezi huenda umemgharimu mama huyo zaidi, bado unampiku mwenziwe.

Tanzania ina haki ya kuyasema haya kwa sababu imeyaonja. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, na ilikaa ardhini miaka 30 kabla haijaanza kutumika mwaka 2004. Tangu hapo, kwa miaka mingi, gesi ilizalisha sehemu kubwa ya umeme wa nchi, na viwanda vya Dar es Salaam vikaachana na mafuta mazito. Lakini nyumba zilizounganishwa na bomba la kupikia, katika Dar es Salaam, Lindi na Mtwara, zimebaki kuwa chache mno. Mwaka 2013 habari ya kupeleka gesi ya Mtwara Dar es Salaam kwa bomba ilizua ghasia Mtwara. Watu walipoteza maisha, mali zikaharibiwa, na jeshi na polisi wakatumwa kurudisha utulivu. Bomba lilikamilika mwaka 2015. Askari waliokuwa Mtwara siku zile wanajua kwamba kosa la kutumia fujo halikuliondoa swali lililokuwa nyuma yake, yaani, mtu anayekaa juu ya mali atapata nini kwa mali hiyo. Msumbiji iliulizwa swali hilo hilo, na pale ambapo jibu lilikawia, watu wabaya walijitolea kulijibu kwa njia yao.

Mto Ruvuma si ukuta. Mwezi Oktoba 2020 waasi kutoka Msumbiji walivuka mto huo wakashambulia kijiji cha Kitaya mkoani Mtwara, wakaua raia na kuchoma nyumba. Wamakonde wako pande zote mbili za mto, na undugu wao ni wa kale kuliko mpaka wenyewe. Kutoka upande huu wa mto ndiko wapigania uhuru wa FRELIMO walikotoka kwenda kupiga risasi za kwanza huko Chai, tarehe 25 Septemba 1964, katika jimbo hilo hilo la Cabo Delgado. Daraja la Umoja, lililofunguliwa mwaka 2010 pale Mtambaswala, lilikusudiwa kuwa njia ya korosho, mifugo na wasafiri. Doria iliyopo leo kando ya mto huo ni gharama ambayo Tanzania inailipa kwa hitilafu za upande wa pili, na haiwezi kuikwepa.

Ndani ya makambi nako kuna jambo. Serikali ya Tanzania iliagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa, na mwezi Januari 2024 ukatajwa kuwa ukomo. Agizo hilo linahusu shule, magereza na makambi. Kambi moja yenye majiko ya kuni huteketeza miti ambayo kijiji kizima kingeitumia kwa muda mrefu, na mara nyingi miti hiyo hutoka katika msitu unaogombewa na wanakijiji hao hao. Mwanakijiji huyahesabu malori ya kuni yanayoingia langoni. Kambi inapohamia gesi, ugomvi mmoja kati ya askari na jirani yake unakwisha bila mkutano wala hotuba.

Mwishoni mwa mwaka 2025 kampuni ya Total, ambayo sasa huitwa TotalEnergies, ilitangaza kuondoa zuio lililodumu zaidi ya miaka minne, na kazi ya Afungi ikapewa ruhusa ya kuanza upya. Gesi ya kwanza ya mradi huo haitazamiwi kabla ya mwaka 2029. Kuna muda basi. Katika muda huo serikali ya Msumbiji itabidi iamue namna ya kuitumia robo yake, na kwa kadiri ya busara za kijeshi, kituo kimoja cha umeme kitakachowasha taa za Palma, Mocímboa na Mueda kingekuwa na thamani ya vikosi kadhaa.

Kusini hatua moja imepigwa. Huko Inhassoro, katika machimbo ya Temane, ulianzishwa mradi wa kutenga gesi ya mitungi ipatayo tani 30,000 kwa mwaka, kiasi kilichokadiriwa kuchukua nafasi ya sehemu kubwa ya gesi ya mitungi ambayo Msumbiji ilikuwa ikiagiza kutoka nje, pamoja na kituo kipya cha umeme cha megawati 450. Huo ni mradi wa kwanza mkubwa wa gesi ya Msumbiji ambao mpango wake ulilitaja jiko. Mtungi utakaojazwa Inhassoro utasafiri zaidi ya kilometa 1,500 kwa lori, katika barabara ambayo sehemu zake za kaskazini bado hupitwa kwa ulinzi wa askari, kabla haujafika Palma.